Skizofrenia na nafsi nyingi si ugonjwa mmoja

Mtu akiuliza kama yule jamaa anayeteka mabinti kwenye filamu ya Split (2016) ana skizofrenia, jibu ni hapana. Alichopewa pale ni ugonjwa wa nafsi nyingi: nafsi zinapokezana ndani ya mtu mmoja, na mara nyingi nafsi hii haikumbuki yaliyofanywa na ile. Mwenye skizofrenia anabaki yuleyule, ila anasikia sauti zisizokuwepo au anashikilia kwamba majirani wanamfuatilia. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi.

Filamu imepatia chanzo, yaani mateso makali ya utotoni. Ila imetia chumvi mno. Nafsi zikibadilika, mara nyingi wa nje hawaoni kitu; mwenyewe ndiye anakuta kabatini nguo asiyokumbuka kuinunua, au anajikuta stendi hajui kafikaje. Na lile la kuteka mabinti linawaonea wagonjwa kabisa, maana hatari kubwa kwao ni kujidhuru wenyewe, na wengi wamewahi kujaribu kujiua.

Ndugu yenu akiwa anapotewa na saa nzima hivyo, mpelekeni hospitali, kwa hapa Moshi ni Mawenzi au KCMC, msikimbilie kusema ana majini. Daktari aangalie na kifafa pia, kwa sababu nacho hufuta kumbukumbu.