Kolgeti ni jina la nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tano. Mwanafunzi wangu ameandika kwenye insha, "Mama alinituma dukani ninunue kolgeti." Nimkate alama? Na neno lenyewe limetoka wapi?

JIBU: Marahaba. Usimkate. Huyo mtoto ameandika kama watu wanavyosema.

Kolgeti ni jina la ukoo. William Colgate alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1783, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mdogo. Mwaka 1806 alifungua biashara New York ya wanga wa kupigia nguo pasi, sabuni na mishumaa. Dawa ya meno iliyobeba jina lake hakuiona. Alifariki 1857, kampuni ikaanza kuiuza 1873, ikiwa kwenye vikopo, na tyubu ikaja 1896. Huko Marekani jina hilo lipo hata kwenye chuo kikuu: Madison, katika jimbo la New York, kiliitwa Colgate kuanzia 1890. Asili yake ni jina la mahali. Sussex, kusini mwa Uingereza, kipo kijiji cha Colgate, na jina hufasiriwa kuwa lango la kwenye msitu wa wachoma mkaa. Nami hufurahi nikikumbuka kwamba bibi zetu walisugua meno kwa mkaa.

Sasa sikiliza mteja dukani: "Nipe kolgeti ya Whitedent." Whitedent ni chapa nyingine ya dawa ya meno; hapo jina la ukoo limekwisha kuwa nomino ya kawaida, limeingia ngeli ya I-ZI: kolgeti imeisha, kolgeti zimepanda bei. Liandike kwa herufi ndogo na kwa tahajia yetu. Ukiitaja kampuni au ukoo, andika Colgate.

Si kila jina la Mmarekani lilipokewa hivyo. Mashine za Singer zilienea kwa mafundi wetu, lakini cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, halikuondoka. Kwa kolgeti tulikuwa na "dawa ya meno", ila ukiitamka dukani muuzaji anaweza kudhani jino linakuuma. Mimi napendelea "dawa ya mswaki": haina utata, na mswaki tunao tangu enzi za vijiti.

Mwandikie mtoto "dawa ya mswaki" pembeni ili ajue yote mawili, na alama yake umwachie.