Maswali na majibu: Nukuu fupi ndani ya sentensi yako

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: maneno ya kitabu yaingieje katika insha ya fasihi bila kuonekana yamebandikwa? Nimechagua zinazogusa mzizi wa tatizo.

Wanafunzi wangu wananakili aya nzima ya riwaya, kisha wanaandika "hii inaonyesha kwamba" na kusonga mbele. Niwawekee kikomo cha maneno mangapi?

Kikomo peke yake hakitakusaidia, mwalimu. Ukimwekea maneno kumi, atachukua kumi ya kwanza anayokutana nayo. Kinachokosekana ni uamuzi: katika sentensi hii, ni neno gani linalobeba hoja yangu?

Chukua sentensi hii, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano: "Nilifunga mlango polepole, kama mtu anayefunika maiti, nikamwachia baba taa." Mwanafunzi wako ataandika kwamba msimulizi hana matumaini, ataimwaga sentensi yote, kisha atarudia kwamba hii inaonyesha hana matumaini. Mara mbili amesema jambo lilelile, na katikati kitabu kimesimama peke yake bila kuguswa.

Mwambie achague maneno matatu au manne tu. Sasa anaweza kuandika: Msimulizi anafunga mlango "kama mtu anayefunika maiti", na tashbihi hiyo inamtoa baba miongoni mwa walio hai kabla hajafa. Akitaka kuendelea: Hata hivyo anamwachia "taa", kitu ambacho maiti hana haja nacho, kwa hiyo moyo wake haujakubali kile ambacho tashbihi imeshakitangaza. Neno moja, "taa", limezaa hoja ambayo aya nzima iliyonakiliwa isingeizaa.

Zoezi lake halihitaji vifaa. Andika sentensi moja ubaoni, kila mmoja achague maneno yasiyozidi matano na kuyaingiza katika sentensi yake, kisha aisome kwa sauti bila kutaja alama za mtajo. Msikilizaji akijikwaa, kiungo hakijakaa. Fanyeni hivyo kila kipindi, si wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango: ondoa darasani miongozo yenye orodha ya nukuu zilizokwisha kupangwa kwa dhamira. Mwanafunzi anayekariri nukuu za ufisadi na nukuu za mapenzi hajachagua chochote, na asiyechagua hana cha kueleza.

Niliandika: Rehema anasema kwamba "nitarudi kudai haki yangu". Mwalimu amekata alama. Kosa liko wapi, na maneno ni ya mhusika kweli?

Mwalimu wako yuko sahihi, mwanangu. Ukishaandika "kwamba", umeanza usemi wa taarifa, halafu ghafla "ni-" na "yangu" vinamrudisha Rehema aseme mwenyewe. Nani anaongea sasa, wewe au yeye?

Tatizo hili ni kubwa katika Kiswahili kwa sababu nafsi imo ndani ya kitenzi. Huwezi kuchukua kitenzi ukaiacha. Una njia tatu. Mwache aseme: Rehema anaapa, "Nitarudi kudai haki yangu." Au badilisha ndani ya mabano ya mraba: anaapa kwamba "[a]tarudi kudai haki [yake]". Inakubalika, ila mabano mawili katika maneno manne yanachosha jicho. Njia ninayoipenda ni kukata mahali pasipo na nafsi: Rehema anaondoka akiahidi kurudi "kudai haki". Kitenzi-jina hakina mwenyewe, kwa hiyo kinaingia katika sentensi yoyote. Vivyo hivyo nomino na tashbihi.

Angalia na ngeli. Ukinukuu "kilichonuka woga", kabla yake pawe na chumba au kitu kingine cha ngeli hiyo. Nimesoma insha nyingi ambamo nyumba "kilichonuka woga", na mwandishi hakushtuka.

Kila aya iwe na nukuu ngapi?

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara nalijibu: kiasi ambacho utakieleza. Kama huna la kusema juu ya maneno hayo, yaache kitabuni.

Naandika juu ya Utendi wa Mwana Kupona. Naweza kuweka "usikilize" badala ya "upulike" ili nieleweke?

Usiguse. Mwana Kupona alitunga utendi huo mwaka 1858 kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na lahaja ni sehemu ya ushahidi wako. Hesabu pia mizani, yaani silabi za kila kipande cha ubeti: "upulike wasiati" ni minane, ukiweka "usikilize" inakuwa tisa, nawe umevunja kipande ambacho pengine aya inayofuata ya insha yako inakisifia.

Nukuu kama kilivyo, maana uilete kwa maneno yako: Mama anamwagiza bintiye, "upulike wasiati / asa ukazingatia", yaani ausikilize wosia, huenda akauzingatia. Mkwaju (/) unaonyesha mahali kipande kinapoishia, usiusahau. Kisha tulia kwenye "asa". Amri imetolewa, na papo hapo inafuatwa na "huenda": mama anaagiza huku akijua kwamba kutii hakuko mikononi mwake. Hapo ndipo uhakiki unapoanza.

Ni lazima kuanza na "mwandishi anasema"?

Hapana, na mara nyingi ni uongo. Anayesema ni msimulizi au mhusika. Mtaje.

Nikifupisha nukuu kwa nukta tatu za dukuduku, nani atajua nilichoacha?

Atakayefungua kitabu atajua. Mhusika akisema "Siamini kwamba Zuhura aliiba", nawe ukanukuu "Zuhura aliiba" kama ushahidi dhidi yake, umemsingizia. Hata nukta za dukuduku hazikuokoi hapo. Nukuu fupi inadai uaminifu zaidi kuliko ndefu, kwa sababu msomaji haoni yaliyobaki nje. Kabla ya kukata, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata.

Mlinganishe kila nukuu na ukurasa wake, hasa ikiwa mmeipata kwa programu ya akili bandia. Programu hizo hutunga nukuu nzuri ambazo hazimo kitabuni, na walimu wameanza kuzipokea bila kuuliza ukurasa. Ulizeni ukurasa.

Nukta ikae ndani ya alama za mtajo au nje?

Ukinukuu sentensi kamili, ndani. Ukinukuu kipande kilichomo katika sentensi yako, nje, kwa sababu sentensi inayoisha hapo ni yako.