Hisa imepanda, opsheni yangu imeshuka: mtikisiko ukipungua nifanye nini?

Swali: Nilinunua opsheni ya kununua hisa, yaani mkataba unaonipa haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya tarehe fulani, siku moja kabla kampuni haijatangaza matokeo ya robo mwaka. Hisa ilikuwa dola 100. Kesho yake ikapanda hadi 102, kama nilivyotarajia, lakini opsheni yangu ikashuka bei. Dalali ananiambia mtikisiko, yaani kiasi ambacho soko linatarajia bei ya hisa iyumbe, umepungua. Sasa naona soko zima linatulia. Wakati kama huu ninunue opsheni, niuze, au nikae pembeni?

Jibu: Ndugu msomaji, dalali wako amesema kweli, ila hakukuonyesha hesabu. Tuipige.

Tuseme opsheni yako ilikuwa na bei ya utekelezaji (bei ya hisa iliyopangwa kwenye mkataba) ya dola 100 na siku 30 kabla ya kuisha. Kwa kuwa matokeo yalikuwa yanasubiriwa, bei yake ilibeba mtikisiko wa asilimia 40 kwa mwaka. Kwa fomula ya Black na Scholes, inayotumika kukadiria bei za opsheni, tukiweka riba kando, opsheni hiyo ina thamani ya dola 4.57 kwa hisa, yaani dola 457 kwa mkataba wa hisa 100. Matokeo yakatoka, fumbo likaisha, na mtikisiko ukashuka hadi asilimia 25. Hisa ikiwa 102 na siku zimebaki 29, opsheni ileile sasa ni dola 3.95. Umepoteza dola 62 ilhali ulikuwa sahihi kuhusu hisa yenyewe.

Kilichokula faida yako kinapimwa kwa vega: kiasi ambacho bei ya opsheni hubadilika mtikisiko ukisogea kwa pointi moja. Kwako vega ilikuwa kama senti 11 kwa hisa. Pointi 15 zikishuka, dola 1.70 hivi imeondoka, na kupanda kwa hisa kwa dola 2 hakukutosha kuifidia.

Kwa hiyo jambo la kwanza: anayenunua opsheni ananunua mtikisiko pia, apende asipende. Swali la kujiuliza si kama mtikisiko utapungua, kwa sababu mara nyingi kila mtu sokoni anajua utapungua baada ya tangazo. Jiulize kama utapungua zaidi kuliko bei ilivyokwisha kukadiria. Linganisha mtikisiko uliomo kwenye bei na mtikisiko halisi, yaani jinsi hisa inavyosogea kweli siku hadi siku. Njia ya haraka ni kugawa kwa 16, ambayo ni karibu na kipeuo cha pili cha siku 252 za biashara kwa mwaka. Bei inayobeba asilimia 32 inategemea msogeo wa kawaida wa kama asilimia 2 kwa siku. Hisa ikiwa inasogea nusu ya hapo wiki nzima, muuzaji ndiye mwenye upepo.

Sasa, kama bado unaamini hisa itapanda, usiache wazo lako. Badilisha umbo la biashara. Nunua opsheni ya bei ya utekelezaji 100, na papo hapo uza ile ya 105 yenye tarehe ileile ya kuisha. Kwa takwimu zilezile, ya pili ingekuingizia kama dola 2.60, hivyo spredi nzima, yaani opsheni hizo mbili kwa pamoja, ingekugharimu takriban dola 1.97. Baada ya matokeo ingekuwa na thamani ya dola 2.30. Hisa ileile, siku ileile, mtikisiko uleule ulioporomoka, na wewe una faida ya dola 33 kwa mkataba, kwa mtaji usiofika nusu ya ule ulioweka. Sababu ni kwamba opsheni uliyouza nayo ilipoteza mtikisiko, na hasara yake ni faida yako. Unacholipia ni dari: hisa ikiruka hadi 115, wewe hupati zaidi ya dola 5 za tofauti, ukitoa gharama.

Ukitaka kuegemea upande wa muuzaji moja kwa moja, uza opsheni ya kuuza hisa (inayompa mnunuzi wake haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) yenye bei ya utekelezaji 95 na ununue ya 90 kama kinga. Kwa mtikisiko wa asilimia 40 ungepokea kama dola 1.35. Hasara yako kubwa kabisa ni dola 3.65 kwa hisa, na unaijua kabla ya kuingia. Hapa siku zinazopita na mtikisiko unaopungua vyote vinafanya kazi upande wako.

Kuuza bila kinga sikushauri kabisa, hasa soko likiwa limetulia. Fahirisi ya VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa katika soko la hisa la Marekani, kinachopimwa Chicago kutokana na bei za opsheni za S&P 500, ilifunga kwa 9.14 tarehe 3 Novemba 2017. Wauzaji wa mtikisiko walikuwa wamevuna mwaka mzima. Tarehe 5 Februari 2018 ikatoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja, na bidhaa maarufu iliyojengwa kunufaika na VIX kushuka ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Waliokuwa na kinga waliumia kwa kiasi walichokubali tangu mwanzo. Wasiokuwa nayo waliitishwa dhamana zaidi na madalali wao wakati ambapo kila mtu alikuwa akinunua kwa hofu.

Hapo ndipo panapotofautisha mtikisiko unaoshuka na mtikisiko ambao tayari uko chini. Unaoshuka kutoka juu humlipa muuzaji vizuri, ingawa kasi yake haitabiriki. Tarehe 5 Agosti 2024 VIX ilifunga kwa 38.57, na hazikupita wiki mbili ikawa chini ya 16. Lakini baada ya kufunga kwa 82.69 tarehe 16 Machi 2020, haikufunga chini ya 20 hadi Februari 2021. Kwa hiyo gawanya kiasi unachouza. Usiweke chote siku ya kwanza hofu inapoanza kupungua. Mtikisiko ukishafika chini kabisa, primiamu, yaani malipo anayopokea muuzaji wa opsheni, ni nyembamba na hatari ni ileile, na mimi hapo naacha kuuza. Huo ndio wakati opsheni za kununua au za kuuza zinapokuwa na bei nafuu kwa mwenye sababu ya kuzihitaji.

Kuhusu kukimbilia opsheni zenye mwaka mzima kabla ya kuisha ili kuepuka hali hii: kwa tangazo la matokeo inasaidia, kwa sababu mtikisiko wa tarehe za mbali haushuki sana usiku ule. Kwa soko zima linalotulia taratibu ni hatari, maana vega ya opsheni ya mwaka ni zaidi ya mara tatu ya ile ya siku 30.

Basi kwa matokeo ya robo ijayo: siku moja kabla, jumlisha bei ya opsheni ya kununua na ya kuuza zenye bei ya utekelezaji iliyo karibu na bei ya hisa, na tarehe ya kuisha iliyo karibu zaidi baada ya tangazo. Jumla hiyo ni msogeo ambao soko linautarajia, kwa kukadiria. Ukitegemea hisa ivuke hapo, nunua. Ukitegemea ipande kidogo tu, tumia spredi. Usipokuwa na maoni yoyote, kaa pembeni.