"Aliugua kwa muda mfupi"

Wiki hii mmeuliza: je, ni vyema familia itaje msibani ugonjwa uliomwondoa marehemu? Jibu langu ni ndiyo, ingawa mwaka juzi mimi mwenyewe nilisimama mbele ya jeneza la kaka yangu na karatasi ya wasifu, nikasoma: "aliugua kwa muda mfupi." Kaka aliumwa miaka.

Alikuwa fundi magari hapa Moshi. Hakuna aliyemwita mlevi, maana hakulala njiani, hakugombana na mtu, na ada za watoto alilipa. Ila kila jioni alikunywa, na asubuhi alizimua kidogo ili mikono itulie aweze kushika spana. Enzi za viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, alivitia mfukoni mwa ovaroli. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia nyumbani. Yeye akahamia kwenye chupa.

Ini linaweza kuharibika muda mrefu bila kuuma. Tulipoanza kuona, miguu ilikuwa imevimba, macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji huku mikono ikikonda. Mtaani wakasema katupiwa kitu. Alipoanza kulala mchana na kukesha usiku, akiniita kwa jina la marehemu mama, hata mimi niliamini, tukampeleka kwenye maombi wiki mbili nzima. Wiki zile zinaniuma mpaka leo. Daktari ndiye aliyetueleza, baada ya kumtoa maji tumboni: ini lililojaa makovu limeshindwa kusafisha damu, sumu inafika hadi kwenye ubongo. Na damu ikikosa njia ya kupita kwenye ini, hutunisha mishipa ya koo la chakula. Mishipa hiyo ndiyo iliyopasuka. Alitapika damu alfajiri, kwenye beseni la kufulia, shemeji akiwa amemshika kichwa.

Angekufa kwa kisukari ningetaja bila kusita. Kwa hili niliona aibu, niliwaogopa wakwe na watu wa jumuiya.

Lakini vijana wake wa gereji walikuwa pale, wamekaa mbele. Walisikia "muda mfupi", na jioni, tulipotoka kuzika, wakanywa mbege, pombe ya ndizi, uani kwetu kama ilivyo desturi yetu Wachaga. Wawili kati yao najua wanazimua. Hakuna aliyewaambia kwamba ini likiwa bado limejaa mafuta tu, halijapata makovu, mtu akiacha pombe linaweza kurudi katika hali yake. Wala hakuna aliyewaambia kwamba aliyezoea kunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake. Aende kwanza hospitali, maana kutetemeka kule kunaweza kugeuka degedege. Nilikuwa na maikrofoni mkononi na watu zaidi ya mia wamenyamaza kunisikiliza.

Mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu yake, na nimeandika wasifu upya. Nimetaja pombe, nimetaja ini. Nilimpelekea shemeji kwanza, nikijua anaweza kukataa. Aliusoma mara mbili, hakufuta kitu. Akaniomba niongeze sentensi moja tu: kwamba miezi minne ya mwisho kaka hakugusa pombe hata tone.