Maswali na Majibu: Rafiki Amepasuliwa Ili Apunguze Uzito, Nimsaidieje?

Barua zilizotufikia safari hii zimeandikwa na watu ambao hawakupasuliwa wenyewe, bali wana rafiki, jirani au mwenzao wa kazini aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha asilimia 75 hadi 80, na kuacha kipande chembamba kirefu. Wa pili hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko huo wa chakula na kukiunganisha na utumbo mdogo, chakula kikafuata njia ya mkato. Puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni, ambalo Watanzania wengi wamelisikia likitajwa pamoja na Hospitali ya Mloganzila, si upasuaji, na masharti yake ni tofauti na haya tutakayoyaeleza.

Rafiki yangu ataruhusiwa kutoka hospitalini kesho kutwa. Hana ndugu hapa mjini, hivyo nitakaa naye mimi wiki za mwanzo. Nijiandae vipi, na nitajuaje kwamba hali imeharibika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wengi huruhusiwa baada ya siku moja hadi tatu, na kwa kuwa siku hizi upasuaji huu hufanywa kupitia matundu madogo, mtu akiyatazama majeraha hudhani kazi iliyofanyika ni ndogo. Ndani, hata hivyo, kuna mshono mrefu unaohitaji majuma kadhaa ili ushikane. Kabla hamjaondoka wodini, omba uandikiwe mambo matatu: namba ya simu inayopokelewa hata usiku, mpangilio wa chakula wiki kwa wiki, na orodha ya dawa anazopaswa kuendelea nazo na zile anazopaswa kuziacha. Hilo la tatu watu hulisahau. Ikiwa alikuwa na kisukari au shinikizo la damu, mara nyingi dozi hupunguzwa mapema, kwa sababu sukari huanza kushuka hata kabla ya uzito kupungua, na akirudia vidonge au insulini aliyoiacha nyumbani kwa kiwango cha zamani anaweza kuzirai. Dawa za maumivu pia ziwe zile alizoandikiwa tu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo dukani huuzwa kama pipi, huweza kumletea vidonda tumboni.

Nyumbani, kazi yako kubwa itakuwa ya mikono. Kwa wiki nne hadi sita hapaswi kunyanyua kitu kizito, na madaktari wengi huweka mpaka wa kilo tano hivi. Maana yake ndoo ya maji, mtungi wa gesi, beseni la nguo na hata mtoto mdogo ni mzigo wako. Lakini usimlaze kitandani kutwa kwa huruma. Anapaswa kuamka na kutembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa damu huganda upesi kwenye mishipa ya miguu ya mtu aliyetoka kupasuliwa asipojongea. Kunywa kwake kutakuwa kwa mafunda madogo, na kufikisha lita moja na nusu kwa siku kutamchukua siku nzima. Mkojo ukiwa mzito na mweusi, au akiona kizunguzungu anaposimama, ujue maji hayatoshi.

Maumivu mepesi ya bega katika siku za mwanzo ni ya kawaida, kwani hewa iliyoingizwa tumboni wakati wa upasuaji huacha maumivu hayo, nayo hupungua siku hadi siku. Kinachotisha ni maumivu ya tumbo au bega yanayozidi badala ya kupungua, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, moyo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ilhali ametulia, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au kupata choo cheusi. Dalili hizo zaweza kumaanisha kwamba mshono wa ndani unavuja, au damu imeganda, au anavuja damu ndani, na yoyote kati ya hizo ikitokea mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo, mtu anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo hupungukiwa na vitamini B1 kwa haraka. Akianza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, hiyo pia ni dharura. Ikiwa hospitali iliyo karibu siyo aliyopasuliwa, mwambie daktari wa zamu tangu mlangoni ni upasuaji gani aliofanyiwa na lini, na umwoneshe karatasi alizopewa alipotoka.

Mama yake rafiki yangu amekuja kutoka kijijini kumuuguza. Kila siku anampikia supu ya kongoro yenye mafuta na uji mzito wa sukari, akisema mgonjwa asiyekula hapati nguvu. Mimi ni jirani tu, tena mdogo kwa umri. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Mama huyo anafanya kile ambacho kila mama angefanya, na ukimkosoa mbele ya mwanawe utaonekana huna adabu, tena hutafanikiwa. Njia iliyo bora ni maelekezo yatoke kwa mtaalamu: mwombe rafiki yako ampigie muuguzi au mtaalamu wa lishe, na simu apewe mama asikie mwenyewe. Wazee wengi wanaopuuza maneno ya vijana hukubali upesi wakisikia kwamba ndivyo daktari alivyosema.

Kisha mpe mama kazi, usimnyang'anye jiko. Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo huwa za vimiminika. Wiki ya tatu na ya nne chakula kilichosagwa kikalainika kabisa. Wiki ya tano na ya sita chakula laini cha kutafuna. Na chakula cha kawaida hurudi taratibu baada ya hapo. Hospitali hutofautiana kidogo, kwa hiyo karatasi aliyopewa ndiyo ifuatwe. Supu ya mama haina haja ya kutupwa, bali ipoe, mafuta yanayoganda juu yaenguliwe, ichujwe, kisha apewe kwa kikombe kidogo. Zikifika wiki za chakula kilichosagwa, kuna mengi anayoweza kuandaa kwa mkono wake: samaki aliyechambuliwa miiba na kupondwa, mtindi usiotiwa sukari, yai lililochemshwa likapondwa, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda. Vyote hivyo vina protini, na protini ndiyo inayotangulia katika kila mlo, kwa sababu mwili unahitaji takribani gramu 60 hadi 80 kwa siku ili misuli isiliwe pamoja na mafuta, ilhali nafasi tumboni ni ya vijiko vichache. Ugali, chapati, mkate mweupe na nyama ngumu huchelewa zaidi kuvumilika, kwani hukwama na kumtapisha.

Sukari ndiyo inayohitaji kuelezwa kwa mama bila kuzungushwa. Uji uliokolezwa sukari, soda au juisi ya miwa vikiingia kwa kasi kwenye utumbo mdogo, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya pili, ndani ya nusu saa mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na akaharisha. Na baada ya muda sukari ya damu inaweza kuporomoka akabaki anatetemeka. Akiiona hali hiyo mara moja, mama mwenyewe atakuwa mlinzi wa kopo la sukari. Mkumbusheni pia kwamba maji na chakula havichanganywi: akishakula, angoje nusu saa ndipo anywe.

Mwenzangu kazini alifanyiwa upasuaji huu na alinieleza mimi peke yangu. Sasa amepungua sana, na watu wananong'ona kwamba ana ugonjwa mbaya. Nimtetee kwa kusema ukweli? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Siri ni yake, na hata nia njema haikupi ruhusa ya kuitoa. Kwetu mtu anayenawiri husifiwa na anayekonda huulizwa ana nini, na jibu ambalo wanong'onaji huwa nalo tayari ni UKIMWI. Lakini akijulikana kwamba alipasuliwa, atakutana na maneno ya aina nyingine: kwamba alikuwa mvivu wa mazoezi, kwamba alitafuta njia ya mkato, kwamba alichezea pesa. Yeye ndiye atakayeyabeba, kwa hiyo yeye ndiye achague ayabebe yapi.

Kaa naye mkubaliane sentensi moja ambayo nyote wawili mtaisema bila kugongana. Wengine huridhika na kusema, "Alikuwa na tatizo la tumbo, ametibiwa, anaendelea vizuri," ambayo si uongo. Anayeendelea kudadisi mwambie amuulize mwenyewe. Na picha zake za "kabla na baada" zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi bila idhini yake, hata kwa kumpongeza.

Dada yangu wa hiari ana miezi minne tangu apasuliwe. Kuna harusi ya ukoo, na baada yake Ramadhani inaingia. Naona aibu akikaa kwenye sinia bila kula, na sijui kama afunge. (Msomaji, Unguja)

Kwenye harusi sinia ni msaada wake mkubwa. Chakula cha pamoja hakihesabiwi, na mtu anayechukua matonge madogo, akatafuna polepole na kuzungumza sana, hakuna anayegundua kwamba amekula vijiko vitatu. Kaa ubavuni pake, msogezee vipande vya samaki au kuku, na anayemhimiza "ongeza, ongeza" umshughulishe kwa mazungumzo mengine. Kumbuka tu asishushie chakula kwa sharubati.

Saumu ni jambo zito zaidi. Mtu wa miezi minne hunywa kwa mafunda siku nzima ndipo apate maji ya kumtosha, na muda baina ya futari na daku hautoshi kufidia kiu ya mchana kutwa, achilia mbali protini na dawa. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri asifunge katika mwaka wa kwanza. Aya ya 185 ya Sura ya Al-Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ni vyema alipeleke suala lake kwa daktari wake na kwa sheikh anayemwamini, akiwa na maelezo kamili ya upasuaji wenyewe. Nawe unapofuturu naye, usimfanye ajione mpungufu wa imani.

Nywele za rafiki yangu zinatoka mafungu mafungu, analia kila akichana. Kuna mafuta ya kumnunulia? (Msomaji, Arusha)

Mafuta hayatasaidia. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingi hudondoka kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji na uzito kushuka kwa kasi, na kwa kawaida huota tena. Hakikisha anapata protini na anameza vidonge vyake vya madini na vitamini. Zikiendelea kutoka hadi kukaribia mwaka, apimwe damu, hasa kiwango cha madini ya chuma.

Tulikuwa tukinywa bia pamoja kila Ijumaa. Mwaka sasa umepita tangu apasuliwe na ameanza kurudi baa. Anasema anakunywa kidogo tu. Je, kuna ubaya? (Msomaji, Nairobi)

Kuna ubaya, tena si wa kinadharia. Baada ya upasuaji huu, hasa wa aina ya pili, pombe huingia kwenye damu kwa haraka na kufikia kiwango cha juu, hivyo kile anachokiita kidogo kinaweza kumlewesha kama alivyokuwa akilewa kwa chupa kadhaa. Imethibitika vilevile kwamba hatari ya kutawaliwa na pombe huongezeka kadiri miaka inavyosonga, na baadhi ya walioathirika hawakuwa walevi hapo awali. Mtu aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula, chakula kikimkatalia, aweza kutafuta liwazo jingine. Sigara nayo iwe mwiko, kwani huleta vidonda pale palipounganishwa.

Wewe ndiwe mwenye Ijumaa hiyo, kwa hiyo wewe ndiwe wa kuihamisha. Ukimhubiria huku umeshika glasi hatakusikia. Mwalike mechi, matembezi au kwako nyumbani. Na akikunywa, hata mara moja, asiendeshe gari wala pikipiki.

Nasema ukweli: mimi pia ni mnene, na tangu apungue ninamwonea wivu. Urafiki wetu ulikuwa wa kula pamoja. Nimejitenga naye, kisha naona vibaya. (Msomaji, Dodoma)

Hisia hiyo ni ya wengi, ingawa wachache huiandika. Usijilazimishe kumsifia kila mnapoonana. Nadhani hata yeye amechoka na mazungumzo ya kilo. Mwambie waziwazi kwamba mabadiliko yake yamekugusa, na kwamba hutaki kumpoteza. Jihadhari na jambo moja tu, ambalo watu hulifanya bila kujitambua: kumsogezea sahani, kumwambia "onja tu, hutakufa," au kumtahadharisha kwamba amekonda kupita kiasi ilhali daktari hajasema hivyo. Huko ni kumvuta arudi mlipokuwa. Ikiwa unafikiria njia hiyo kwa ajili yako, miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo) umefika 35, au kuanzia 30 kama ana kisukari, lakini uamuzi huo ufanye na daktari wako.

Ni miaka miwili sasa, amepona kabisa na ameacha vidonge vya vitamini kwa kuwa anajisikia vizuri. Niingilie? (Msomaji, Mwanza)

Ingilia, kwa upole. Vidonge hivyo ni vya maisha yote, kwa sababu tumbo dogo na utumbo uliorukwa havinyonyi tena vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D kama zamani. Akiba ya B12 mwilini huweza kuchukua miaka kuisha, na ndiyo sababu anajisikia vizuri leo. Ganzi ya miguu na upungufu wa damu huja baadaye, na madhara ya mishipa ya fahamu mengine hayarudi nyuma. Kila mwaka anapaswa kupimwa damu. Muulize alipima lini mara ya mwisho, na kama hakumbuki, mpangie siku wiki hii hii na umsindikize.