Mkienda Mida, ulizeni maji kwanza

Mara ya kwanza tulipowapeleka watoto Mida, hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kuangalia ndege tulifika saa 10 alasiri, siku ya mwezi mpevu. Nilichagua saa ile kwa sababu jua limepoa. Tulikuta maji yamepanda hadi kwenye matawi ya mikoko na ndege wameshaondoka. Kitinda mimba wangu alilia mpaka tukafika Gede. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando ya njia aliniambia, "Mwanangu, ungeuliza maji kwanza."

Tangu siku hiyo nauliza. Hori hilo huendeshwa na kupwa na kujaa. Maji yakikupwa sana, ndege hutawanyika mbali topeni wakitafuta kaa na minyoo. Yakijaa kabisa hawana pa kusimama. Wakati wenyewe ni maji yanapopanda: tope linapungua, nao wanasogea kidogo kidogo hadi karibu na kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Siku za bamvua, yaani mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hukupwa kama saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kama saa 10 au 11 jioni, basi saa 7 mchana muwe mmeshafika. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50.

Kiingilio cha daraja lipeni kwa moyo mweupe. Fedha hizo husaidia kulipa karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vya karibu, kupitia mpango wa A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira.

Vaeni viatu vya kufunga, maana chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe. Kofia, maji ya kunywa, mahamri. Darubini moja inatosha familia nzima mkipokezana.

Watoto wadogo hawawezi kungoja ndege, kwa hiyo wachuchumalisheni kwanza kando ya tope. Mtaona mashimo matupu. Nyamazeni dakika mbili tu, watatoka kaa wadogo, madume yakipunga gando moja kubwa kama wanaoita wageni. Wangu walisahau hata njaa.

Nendeni kati ya Oktoba na Machi, ndege wahamiaji wanapokuwa wengi. Safari ya pili binti yangu aliwaona wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa. Hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani, pwani za Oman na Ghuba, yai moja tu kwa kawaida, kisha kinda husafiri na wazazi hadi huku kwetu. Tulimwona mmoja wa kijivu, kimo chake karibu sawa na cha mzazi, akimfuata nyuma huku ameinamisha shingo na kulia. Mzazi akakamata kaa, akampigapiga mpaka miguu ikachomoka, akampa.

"Mama, mkubwa vile na bado analishwa?"

Hatukusogea karibu zaidi, wasije wakaacha kula. Tuliwatazama mpaka maji yakawafika magotini, wakaruka wote pamoja.