Mbwa hasikii: maswali yenu na majibu

Mbwa wangu ana miezi minne, nikimwita ndio kwanza anakimbia. Jirani ananambia nimtie bakora ajue nani mkubwa. Ni sawa? (Fuoni)

Si sawa, tafadhali usimpige. Hilo la "mkubwa" lilienea kutokana na uchunguzi alioutoa mtafiti Schenkel mwaka 1947, wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. Walipokuja kuchunguzwa porini ikaonekana kundi ni baba, mama na watoto wao. Mbwa anayechapwa akifika, anachojifunza ni kutofika.

Mfunge kamba ya mita 10, uani, wakati hakuna kelele. Taja jina lake na "njoo", mara moja tu, kisha rudi nyuma hatua tatu. Akifika, mpe kipande cha dagaa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kimfikie ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, hajui amelipwa kwa lipi. Loweka dagaa kwanza apungue chumvi. Mara tano zatosha, kisha mwache apumzike. Rudia asubuhi, alasiri na jioni. Usimwite kwa ajili ya kumkogesha au kumfungia bandani: mfuate mwenyewe. Na mpaka aje mara tisa katika kumi hapo uani, usimfungue njiani.

Kosa la nyumba nyingi ni maneno. Baba anasema "kaa", watoto "keti", mama "tulia". Chagueni neno moja.

Mbwa wetu analinda shamba la mihogo. Nimfundishe vipi bila ya mate yake kunigusa? (Wete)

Inawezekana kabisa. Malipo yake yatupe chini, mbele ya miguu yake ya mbele, usimpe mkononi. Kumfundisha "kaa", tia dagaa kwenye upawa wa mpini mrefu uliotengwa kwa kazi hiyo, upitishe juu ya pua yake kuelekea kisogoni. Kichwa kikipanda, matako hushuka; yakigusa chini tu, mwangushie. Ukiuinua upawa mno ataruka.

Manyoya makavu na mkono mkavu havihamishi najisi, kwa hivyo usimfundishe akiwa ametota mvua. Mate yakikugusa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Awe na bakuli na ndoo yake, nawe na nguo ya shamba.

Anavuta kamba mpaka mkono unauma. (Paje)

Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea. Siku za mwanzo hamtafika mbali. Mtoe baada ya alfajiri. Mchanga wa mchana unaunguza nyayo.

Ananguruma nikisogelea chakula chake. Nimnyang'anye? (Chake Chake)

Usithubutu. Ukimnyang'anya unamthibitishia alichokuwa akikiogopa. Wala usimkaripie kwa kunguruma, maana hilo ni onyo lake. Ukimzoesha kunyamaza, siku moja atauma bila ya kukuonya.

Simama mita mbili, mtupie kipande cha samaki asiye na miba, ondoka. Fanya hivyo kila mlo, wiki nzima. Punguza nusu hatua pale tu anapokuona na mwili wake ukabaki mlegevu. Akikaza shingo au akianza kula mbiombio, umekaribia mno: rudi nyuma. Watoto wasikaribie kabisa akila.

Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Na mbwa mwenyewe apate chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, irudiwe kila mwaka.